Familia melini: mfanyabiashara atumie faida, asiguse mtaji

Shule zinapokaribia kufungwa, bidhaa moja hupanda bei bila kupita kwenye mzani wa soko lolote. Haimo katika orodha ya kabichi, karoti, njegere na viazi vinavyoteremka kutoka Nyandira na Mgeta kwenda Soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro, wala haimo katika bei za hisa zinazotangazwa na Soko la Dar es Salaam. Bidhaa hiyo ni mapumziko ya familia.

Kwa miaka mingi mfanyabiashara wa Mzumbe, Mlali au Changarawe amekuwa na njia mbili tu za kupumzika: kupanda mlimani kuwaona wazee, au kubaki nyumbani na kufungua duka saa mbili zaidi. Siku hizi wanawe wa kidato cha pili na cha tatu wana njia ya tatu. Kwenye simu wameiona meli yenye ghorofa kumi na zaidi, mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa sinema na chakula kisichokwisha. Wanauliza kwa nini familia isipande meli kama hiyo walau mara moja kabla wao hawajatawanyika vyuoni.

Wazazi wengi hujibu kwa maneno mawili: hela hakuna. Jibu hilo lina kasoro. Nyumba yenye duka la pembejeo, shamba la migomba na hisa kidogo za benki haiwezi kumwambia kijana wa miaka 16 kwamba hela hakuna, na kijana akaamini, huku kila jioni anaona baba na mama wakihesabu mauzo. Jibu la kweli ni hesabu, na hesabu yenyewe inaonyesha kwamba safari ya meli inawezekana, ila pengine si kwa meli ile iliyoonekana kwenye simu.

MELI KUBWA ZIMEFIKA MLANGONI

Wapo wanaodhani kwamba meli za kitalii ni habari za Ulaya na Marekani tu. Sivyo. Januari 2024 meli ya Norwegian Dawn ilitia nanga katika Bandari ya Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Zanzibar na Mombasa nazo hupokea meli za namna hiyo. Mara nyingi huja katika miezi ya kaskazi, bahari inapokuwa na utulivu.

Meli hiyo ilijengwa katika karakana ya Meyer Werft, mjini Papenburg, Ujerumani, na ikaanza kazi mwaka 2002. Karakana hiyohiyo ndiyo iliyojenga, mwaka 1913, meli iliyoitwa Graf von Götzen. Meli hiyo ilifunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa Reli ya Kati, reli iliyofika Morogoro mwaka 1907. Kwa maneno mengine, chini ya Milima ya Uluguru ilipita meli nzima ikiwa ndani ya mabehewa. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba.

Habari za karakana hiyo zina somo jingine kwa wasomaji wa ukurasa wa soko. Mwaka 2024 Meyer Werft iliponea chupuchupu kufilisika, hadi Serikali ya Ujerumani na jimbo la Niedersachsen zikaingia na kuchukua takriban asilimia 80 ya umiliki. Oda zilikuwepo, lakini mikataba ilikuwa imefungwa kwa bei ya zamani, gharama za chuma na nishati zikapanda, na sehemu kubwa ya malipo ilikuwa ya kupokewa meli inapokabidhiwa. Mkulima wa Mgeta aliyewahi kumwahidi mteja wa Dar es Salaam karoti kwa bei ya Machi, kisha akalipia lori kwa bei ya Juni, anaielewa hadithi hiyo bila kufundishwa.

BEI YA TANGAZO NA BEI YA KULIPA

Tangazo la meli ya kitalii husema: usiku nne, dola kadhaa kwa mtu. Mfanyabiashara mzoefu anajua kwamba bei ya tangazo ni mlango tu wa kuingilia dukani. Yapo mambo manne ambayo tangazo huyaweka chini kwa maandishi madogo.

La kwanza, bei hiyo kwa kawaida hukadiriwa kwa watu wawili wanaolala chumba kimoja. Wa tatu na wa nne katika chumba hichohicho mara nyingi hulipa pungufu, na zipo kampuni ambazo huwabeba vijana wa chini ya miaka 18 kwa nauli ndogo sana, au bila nauli, wakilala na wazazi wao. Lakini vyumba vingi vya kawaida havizidi watu wanne. Familia ya baba, mama na vijana watatu inahitaji vyumba viwili, na kwa kuwa wasio watu wazima kwa kawaida hawaandikishwi peke yao chumbani, baba atajiandikisha na wawili, mama na mmoja. Punguzo lililoonekana kwenye tangazo linaanza kuyeyuka hapo.

La pili ni ushuru wa bandari na bakshishi. Ushuru hulipwa kwa kila kichwa, hata kwa yule aliyeambiwa anasafiri bure. Bakshishi ya wahudumu nayo, katika kampuni nyingi, hukatwa kwa kila mtu kwa kila siku.

La tatu ni vitu vinavyouzwa ndani. Chakula cha ukumbi mkuu kimo katika nauli. Soda, intaneti, picha, michezo ya mashine na matembezi ya nchi kavu, kwa kawaida, havimo.

La nne, ambalo ndilo zito kwa Mtanzania, ni kuifikia meli yenyewe. Safari za Bahari ya Mediterania zinahitaji tikiti za ndege hadi Ulaya pamoja na viza ya Schengen, na meli ikitoka nje ya eneo la Schengen na kurudi, viza hiyo iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Njia nyepesi zaidi ni Durban, Afrika Kusini, ambako kwa miaka mingi meli za kampuni ya MSC zimekuwa zikiondoka katika miezi ya kiangazi cha huko, Novemba hadi Machi, kwenda pwani ya Msumbiji na kurudi. Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi ya Afrika Kusini wala Msumbiji. Hata hivyo, wazazi wasiondoke bila vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mzazi anayesafiri peke yake awe na idhini ya maandishi ya mwenzake.

Sasa ifanywe hesabu ya mfano. Takwimu hizi si bei ya kampuni yoyote, ni za kuonyesha njia tu. Chukulia nauli ya tangazo ni dola 500 kwa mtu. Familia ya watano katika vyumba viwili italipa nauli kamili nne, yaani dola 2,000, na wa tano alipe dola 200. Ushuru wa bandari ukiwa dola 80 kwa kichwa, ni dola 400. Bakshishi ikiwa dola 12 kwa mtu kwa siku, kwa siku nne, ni dola 240. Tikiti za ndege hadi Durban zikiwa dola 500 kila moja, ni dola 2,500. Jumla ni dola 5,340. Kwa kiwango cha mfano cha Sh. 2,500 kwa dola moja, hiyo ni Sh. 13,350,000, kabla mtu hajanywa soda wala kulala hotelini usiku mmoja akisubiri meli.

Katika nyumba nyingi za Mzumbe hiyo si ziada ya mwaka. Ni mtaji wenyewe: mbegu, mbolea, kodi ya pango na nauli ya lori. Tangazo lililoanza na dola 500 limefikia mahali pa kula duka zima.

DOLA NAYO HUSAFIRI

Kuna mtego mwingine. Safari ya namna hii hulipiwa malipo ya awali mapema na salio miezi kadhaa baadaye, kwa fedha ya kigeni, wakati mapato ya mfanyabiashara ni ya shilingi. Mwaka 2024 unatosha kuwa mfano. Katika mwaka huo dola ilipita Sh. 2,700, kisha ikashuka hadi takriban Sh. 2,400 mwezi Desemba. Tofauti ya Sh. 300 kwa dola moja, katika salio la dola 4,000, ni Sh. 1,200,000. Aliyelipa mapema alipoteza, aliyengoja alipata. Mwaka mwingine inaweza kuwa kinyume chake. Anayetaka kucheza na kiwango cha dola akacheze katika biashara yake, si katika likizo ya watoto.

Aidha, ikumbukwe kwamba kanuni zilizotolewa Machi 2025 zilipiga marufuku kutangaza bei na kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Wakala wa safari nchini anayemdai Mtanzania dola kwa huduma anayoitoa hapahapa anastahili kuulizwa maswali, na stakabadhi idaiwe.

KIJANA SI MTOTO KATIKA HESABU

Wazazi hufanya kosa la kuwahesabu vijana kama watoto. Wasafirishaji hawafanyi kosa hilo. Katika treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nauli ya nusu ni ya mtoto wa miaka 4 hadi 12. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA mwaka huo kwa kipande hicho ilikuwa Sh. 13,000. Familia yenye vijana wa miaka 13, 15 na 17 italipa nauli tano kamili: Sh. 65,000 kwenda, Sh. 65,000 kurudi. Mezani pia ni watu wazima, na pengine kijana wa miaka 15 hula kumzidi baba.

Ndani ya meli kubwa kijana ni mteja anayewindwa kwa utaratibu maalumu. Kampuni kubwa huwatenga kwa rika: kuna klabu ya miaka 12 hadi 14 na nyingine ya miaka 15 hadi 17, kila moja na michezo na wasimamizi wake. Utaratibu huo ni mzuri, kwa kuwa kijana hapendi kutembea kwenye sitaha akishikwa mkono. Lakini mzazi asidhani kwamba klabu ni mlezi. Kijana huingia na kutoka apendavyo, na ndiyo maana kampuni kadhaa zimeweka saa ya mwisho ya usiku ambapo wenye umri chini ya miaka 18 hawatakiwi kuonekana kwenye kumbi bila mzazi. Umri wa kunywa pombe melini ni 18 au 21 kutegemea njia na kampuni. Masharti hayo yasomwe nyumbani, mezani, kijana mwenyewe akiyasoma kwa sauti.

Hatari kubwa zaidi kwa mfuko ni kadi. Katika meli nyingi za kitalii fedha taslimu hazitumiki. Kila msafiri hupewa kadi inayofungua chumba na pia kununua vitu, na deni lote huingia katika hesabu ya mzazi. Kijana ambaye akitumwa sokoni Mlali na Sh. 10,000 hurudisha chenji hadi shilingi ya mwisho, anaweza kutumia dola 40 kwa siku katika kadi bila kuhisi uzito wowote. Kampuni nyingi humruhusu mzazi kuweka kikomo au kufunga ununuzi kwenye kadi ya mtoto. Afanye hivyo siku ya kwanza, si siku ya kuletewa ankara.

MELI HAIMSUBIRI MTU

Norwegian Dawn hiyohiyo ilitoa somo miezi miwili tu baada ya kupita Dar es Salaam. Mwishoni mwa Machi 2024, katika kisiwa cha São Tomé, magharibi mwa Afrika, abiria wanane waliokwenda matembezi ya binafsi walichelewa kurudi, na meli ikaondoka bila wao. Baadhi walikuwa wazee, na mmoja alikuwa mjamzito. Ilibidi waivizie meli katika bandari za mbele kwa gharama kubwa na taabu nyingi.

Watu duniani walibishana kama nahodha alikosa utu. Kwa mfanyabiashara hoja iko kwingine. Meli yenye watu 2,000 ina ratiba, ada ya gati na mafuta yanayoungua, na kila saa ya kusubiri ina bei. Vijana waliozoea mzazi apigaye honi mara tatu nje ya nyumba wanahitaji kujua kwamba ipo dunia isiyopiga honi, nao wataikuta kazini na kwenye mitihani.

MELI YA KARIBU

Pamoja na yote hayo, si sahihi kuhitimisha kwamba familia ya Mzumbe ibaki nyumbani. Kinachohitajika ni kushuka daraja moja kwa akili, kama anunuaye gari lililotumika badala ya jipya.

Njia ya kwanza ni Unguja. Daladala kutoka Mzumbe hadi mjini, treni ya SGR kutoka Kihonda hadi Dar es Salaam, kisha boti ya kasi hadi Malindi. Kwa saa chache kijana wa Uluguru anaiacha nchi kavu nyuma yake. Nauli ya mkazi wa Tanzania katika boti hizo ni tofauti na ya mgeni, hivyo kitambulisho cha taifa kisisahauliwe. Kuna vijana wengi wa Morogoro wanaomaliza kidato cha nne bila kuiona bahari, ambayo iko kiasi cha kilomita 200 tu kutoka walipozaliwa. Hili si suala la umaskini peke yake. Ni suala la wazazi kutokuiweka katika bajeti.

Njia ya pili ni Ziwa Victoria. Hii inakaribia zaidi maana halisi ya safari ya meli kubwa, kwa kuwa familia inalala melini. MV Victoria ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati ikiwa na uwezo wa abiria 1,200, katika njia ya Mwanza na Bukoba kupitia Kemondo. Februari 2023 iliteremshwa majini MV Mwanza, iliyojengwa katika bandari ya Mwanza Kusini kwa ajili ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Hakuna bwawa la kuogelea wala sinema ya usiku. Kuna vyumba vya madaraja, kuna mizigo inayopakiwa mbele ya macho, kuna ndizi za Kagera zinazokuja upande mmoja na bidhaa za viwandani zinazokwenda upande wa pili. Kwa mtoto wa mfanyabiashara, usiku mmoja pale una faida kuliko darasa la mwezi mzima. Ataona kwa nini mzigo mzito huwekwa chini, nani hulipia upakiaji, na kwa nini bei ya ndizi Bukoba si bei ya ndizi Mwanza.

Gharama za njia hizo mbili zinalingana na uwezo wa kujiwekea akiba. Familia inayoweka Sh. 50,000 kila wiki kwa wiki 48 itakuwa na Sh. 2,400,000. Kwa kiwango cha mfano kilichotumika hapo juu, hiyo ni dola 960 tu, ambazo hazitoshi hata tikiti mbili za ndege kwenda Durban katika mfano ule. Lakini kwa Unguja au Bukoba, kwa watu watano wasiopenda makuu, ni bajeti ya heshima.

HOFU YENYE SABABU

Ipo sababu nyingine inayowafanya wazazi wa Kitanzania kusita, na haifai kupuuzwa. Mei 21, 1996, MV Bukoba, iliyokuwa na uwezo wa abiria 430, ilizama karibu na Mwanza, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Septemba 2011 ikazama Spice Islander ikielekea Pemba. Julai 2012 ikazama Skagit ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220.

Wanaosema ni mapenzi ya Mungu wana haki ya kuamini hivyo, lakini hesabu za vyombo hivyo zinasema jambo la ziada. Katika ajali ya Bukoba, ya Spice Islander na ya Nyerere, watu waliopanda walikuwa wengi kuliko nafasi zilizoruhusiwa. Ajali nyingi za namna hiyo huanzia kwenye dirisha la tikiti, pale mtu mmoja anapoona faida katika abiria wa ziada, na abiria naye anapoona afadhali asimame kuliko kukosa safari.

Tangu mwaka 2018 udhibiti wa usafiri wa majini Tanzania Bara uko chini ya TASAC, na Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini. Lakini mdhibiti hawezi kuwa kwenye kila gati kila saa. Mkaguzi wa mwisho ni mzazi mwenyewe. Ahakikishe majina ya familia yote, vijana wakiwemo, yameandikwa katika orodha ya abiria. Asinunue tikiti kwa mpigadebe. Akiona chombo kimejaa kupita kiasi, arudi nyuma hata kama tikiti itapotea. Tikiti ni gharama ambayo imekwisha kutumika, na mhasibu yeyote aliyepita Mzumbe atamwambia kwamba gharama ya jana haiamui uamuzi wa leo.

Vijana nao wapewe kazi. Mmoja atafute yalipo makoti ya kujiokolea na jinsi yanavyofungwa. Mwingine asome uwezo wa chombo ulioandikwa ukutani. Kijana aliyefundishwa kuhesabu nafasi kabla ya kukaa hatakuja kuwa mwenye daladala au mwenye boti anayejaza watu kama magunia.

LINI KUSAFIRI

Shule hufungwa Juni na Desemba, na hapo soko na bahari havikubaliani. Juni ni msimu wa kusi, upepo una nguvu na mawimbi ya mkondo wa Unguja huwatapisha hata waliozoea. Desemba kaskazi imeingia na bahari ni tulivu zaidi, lakini Desemba ndiyo mwezi wa mauzo. Nani afunge duka wiki ya Krismasi, wakati Dar es Salaam inatafuta viazi, karoti na nyanya kwa bei yoyote?

Nafasi iliyobaki ni nyembamba, nayo ni wiki ya kwanza ya Desemba, mara shule zinapofungwa na kabla soko halijachemka. Siku nne au tano zinatosha. Familia irudi kabla ya tarehe 12, nyumba iwe na habari za kusimulia, na duka liwe wazi watu wanapoanza kununua.

FEDHA ITOKE WAPI

Kuhusu chanzo cha fedha, msimamo uwe mmoja: safari isikopewe. Mkopo wa mbolea una kabichi ya kuulipa. Mkopo wa mapumziko hauna kitu cha kuulipa isipokuwa mtaji, na riba huendelea muda mrefu baada ya picha kusahauliwa. Isitolewe pia kwenye fedha za mzunguko kwa ahadi ya kuzirudisha. Wenye maduka wanajua ahadi hiyo huishaje.

Wenye hisa wana njia rahisi. Kampuni nyingi zilizoorodheshwa Dar es Salaam hufanya mikutano mikuu yake katikati ya mwaka na kulipa gawio katika kipindi hichohicho. Badala ya gawio kuyeyuka katika matumizi ya Juni, liwekwe katika mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS au akaunti ya chama cha akiba na mikopo hadi Novemba. Asiye na hisa aanze na kiasi cha kila wiki. Mtaji ubaki salama, safari ilipwe na faida, na faida ikiwa ndogo mwaka huo, safari isogezwe mwaka unaofuata. Wahenga wa pwani walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Anayechoma nyenzo zake ili apate moto wa sherehe hatakishusha chombo majini tena.

FAIDA ISIYO KWENYE DAFTARI

Atatokea wa kuuliza kwa nini fedha ya jasho itumike kwa matembezi wakati kiwanja kipo cha kununua. Jibu liko katika maduka ya mji wa Morogoro na mji mingine mingi, ambako biashara hufunga milango miaka michache baada ya mwanzilishi kufariki. Watoto walisomeshwa, walilishwa, walivishwa, lakini hawakuwahi kukaa na mzazi katika jambo lenye fedha wakaulizwa maoni yao. Kwao duka lilikuwa mahali palipowanyima baba na mama. Urithi ulipowafikia, waliuza.

Kijana ana miaka michache tu ya kuwa nyumbani. Akiingia kidato cha tano huenda akapangiwa shule ya mkoa mwingine, kisha chuo, kisha kazi. Dirisha la kusafiri na wazazi huwa limefungwa wakati mtaji ndipo unapokomaa. Mzazi anayengoja awe tajiri wa kupanda meli ya ghorofa kumi na tano atakuja kuipanda na mkewe tu, au asiipande kabisa.

Kwa hiyo vijana wapewe daftari. Mmoja aulizie nauli, wa pili apange chakula na malazi, wa tatu atunze stakabadhi na kutoa taarifa ya mapato na matumizi wakirudi. Waambiwe wazi kiasi kilichopo na kwamba kikibaki ni chao kugawana. Watakaotaka meli kubwa ya Durban waonyeshwe ile hesabu ya Sh. 13,350,000, waulizwe duka lingeuza nini na kwa miezi mingapi ili faida, si mauzo, ifikie hapo. Huenda wakakata tamaa. Huenda pia wakaja na wazo la kuongeza mauzo ambalo mzazi hajalifikiria kwa miaka kumi, na hapo safari itakuwa imeanza kujilipa kabla ya kuanza.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Familia itazunguka Unguja au Bukoba na kurudi Mzumbe, kwenye duka lilelile na shamba lilelile. Irudi ikute mtaji uko mahali pake, na vijana watatu wanaojua sasa unavyohesabiwa.